Shahada ya Sheria Bado Si Uwakili



Leo nazungumza na wewe uliyemaliza shahada ya sheria, au umebakisha semesta moja mbili. Nyumbani washaanza kukuita wakili. Mama anakuita wakili, mwenye duka anakuita wakili. Ni dua nzuri, tuseme amin. Lakini kwa sheria ya Kenya wewe si wakili bado. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 9, inataka uwe umekubaliwa rasmi, jina lako liwe kwenye orodha ya mawakili, na uwe na cheti cha kufanya kazi mwaka huo. Bila hayo matatu, hata kama ulipita kuliko darasa zima, ukifika kortini utakaa kwenye benchi huku nyuma pamoja na sisi.

Na hilo benchi tunalijua. Hebu fikiria kijana amechukuliwa usiku, Majengo au Likoni. Katiba, Kifungu cha 49, inasema aelezwe kwa nini amekamatwa, ana haki ya kunyamaza, ana haki ya kuzungumza na wakili, na afikishwe kortini ndani ya saa 24. Sawa. Lakini chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, polisi wanaweza kuomba waendelee kumzuilia wakichunguza. Hakimu anaweza kutoa siku 30 kwa mara moja, na zinaweza kuongezwa mpaka 90. Ombi kama hilo halichukui muda mrefu kusikizwa. Asipokuwepo mtu wa kusimama na kusema, "Mheshimiwa, hakuna msingi wowote hapa," bas, agizo limetoka, na familia iko nje kwenye ngazi haijui hata kumesemwa nini.

Sisi wanaharakati tunapiga kelele, tunaandika, tunaenda kwa OCS. Ni kazi na ina thamani yake. Lakini mwaka 2015, MUHURI na HAKI Africa walipowekwa kwenye orodha ya serikali ya wanaoshukiwa kuhusika na ugaidi na akaunti zao kufungwa, hazikufunguliwa na maandamano. Zilifunguliwa na kesi, Mahakama Kuu hapa Mombasa. Kuna watu walikesha wakiandika hati za kiapo, na watu hao walikuwa wamepitia huo mwaka mmoja ambao wewe unataka kuuruka.

Mwaka wenyewe uko hivi. Unaenda Kenya School of Law, kule Karen, Nairobi. Ukisoma kwamba Uingereza mawakili wamegawanywa mafungu mawili, wa ofisini na wa kortini, usichanganyikiwe. Kwetu wakili ni mmoja, anafanya yote. Kwa hivyo masomo ni tisa: kesi za madai, kesi za jinai, utetezi kortini, uandishi wa kisheria, mirathi, uhamishaji wa ardhi, mikataba ya biashara, maadili ya uwakili, na namna ya kuendesha ofisi. Mtihani unasimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria, si chuo. Kazi za mradi alama 20, mtihani wa kuzungumza 20, wa kuandika 60, na unahitaji 50 katika kila somo. Wanaoanguka ni wengi, tena wengine ni wale waliokuwa wakiongoza chuoni. Manake pale huulizwi nadharia ya fulani inasema nini. Unaambiwa: mteja wako amefika na karatasi hizi, andika ombi la dhamana. Ukianguka somo moja unarudia hilo moja, si mwisho wa dunia. Usione haya ukajificha nyumbani miaka mitatu.

Katika hayo tisa, mawili yachukulie kama amana. La kwanza ni mirathi. Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 2(3), inasema mali ya Muislamu aliyefariki inagawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Lakini kuna sehemu ya usimamizi wa mali ambayo bado inatuhusu, na hapo ndipo wajane wetu wanapozungushwa, leo kwa Kadhi, kesho Mahakama Kuu. Wakili anayeijua faraidhi na anaujua utaratibu wa korti pia, huyo tunamtafuta kwa tochi. La pili ni ardhi. Hapa Mwambao familia ina makaburi ya mababu shambani na haina hati, halafu anakuja mtu na karatasi.

Pesa sasa, manake najua ndilo swali. Ada yake ni karibu laki mbili, na hapo hujalala wala hujala Nairobi. HELB ina mkopo kwa wanafunzi wa pale, lakini mkopo ule una riba, na kuna vijana wetu wamesimama hapo hapo. Wengine wamechukua kwa kusema ni dharura, wengine wameacha uwakili kabisa. Mimi si mufti, hilo muulize shekhe unayemuamini. Ninachojua ni kwamba swali hili si lake kijana peke yake. Harusi tunachangisha laki tano kwa wiki mbili, grupu la WhatsApp linajaa mpaka usiku wa manane. Kijana akisema anataka ada ya Kenya School of Law, grupu linanyamaza. Kamati za misikiti, ulizeni masheikh wenu: mwanafunzi fukara anastahiki zaka au hastahiki? Mjibiwe, kisha mtende.

Wazazi nao wana hofu, na siwalaumu. Mwaka 2016 wakili Willie Kimani aliuawa pamoja na mteja wake na dereva wa teksi, mteja akiwa amemshtaki polisi. Mwaka 2022 polisi watatu na raia mmoja walipatikana na hatia. Kesi ile mawakili wenzake hawakuiachilia. Na mkumbuke Jaji Mohammed Ibrahim: kabla ya kuwa jaji alikuwa wakili, na mwaka 1990, wakati wa kudai vyama vingi, alikamatwa kwa msimamo wake. Wote wawili walianza kwa mtihani kama huu wako.

Dada yangu, wewe hasa. Kuna mwanamke ana kesi ya talaka mbele ya Kadhi, na kuna mambo hawezi kuyatamka mbele ya wakili mwanamume. Anameza, anapoteza haki yake. Usiache watu wakwambie shahada inatosha, utaolewa.

Ukimaliza masomo, kuna miezi sita ya kufanya kazi chini ya wakili mwenye uzoefu wa miaka mitano au zaidi, kisha unamwandikia Jaji Mkuu ombi la kuapishwa. Miezi hiyo wengi hawalipwi, na wasiokuwa na mjomba mwenye ofisi huzunguka mji mzima na bahasha. Kwa hivyo namalizia na nyinyi mawakili Waislamu mnaotufuata hapa: ofisi yako ina nafasi ya kijana mmoja mwaka huu, na nauli yake ya matatu? Ikiwa ipo, tuandikie. Nawe uliyekwama kwa ada, tuandikie pia, utwambie umebakisha kiasi gani.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.