Nani Abebe Kodi ya Mapato? Mwalimu, Mfanyabiashara wa Ng'ombe na Mwenye Hisa katika Tarime na Serengeti



Nimeombwa nizungumzie kama wenye nacho walipe sehemu kubwa zaidi ya kodi ya mapato. Jibu langu ni ndiyo, na nalitoa mapema nisiwapotezee muda. Ila ndiyo hiyo ina sharti. Katika wilaya zetu hizi mbili, kupandisha kiwango cha juu cha kodi bila kugusa aina ya mapato yanayotozwa ni kumwongezea mzigo yule yule ambaye tayari anaubeba.

Wazee waliomo ukumbini wanaikumbuka kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003. Mwenye zizi la ng'ombe mia mbili na kijana asiye na hata jembe walidaiwa kiasi kile kile, na mgambo walipotokea asubuhi kuidai, aliyekimbilia mashambani hakuwa mwenye zizi. Mkoloni Mjerumani alianza hivyo hivyo na kodi ya nyumba mwaka 1897. Kodi ya mapato ilikusudiwa kuwa kinyume cha hayo: kila mtu atozwe kulingana na uwezo wake.

Tuitazame basi ngazi yenyewe ya viwango vyake. Kwa kodi ya mshahara, ile tunayoiita PAYE, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, hadi milioni 1 asilimia 25, na kila kinachozidi milioni moja ni asilimia 30. Ngazi inaishia hapo. Afisa mwenye mshahara wa milioni moja na laki mbili na mkurugenzi wa milioni hamsini, kila mmoja akiongezewa shilingi mia, serikali inachukua thelathini. Yaani kwa sheria yetu utajiri unaanzia kwenye shilingi milioni moja! Mwalimu ambaye mshahara wake, baada ya kutoa mchango wa hifadhi ya jamii, ni 800,000, anakatwa 78,000 kila mwezi kabla hajauona. Hana pa kujificha, kwani mwajiri ndiye mkusanyaji. Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Sisi tumempa mwalimu.

Sasa chukueni watu watatu, kila mmoja akiingiza shilingi milioni 8 kwa mwezi. Wa kwanza ni meneja aliyeajiriwa, ambaye milioni 8 zake ni baada ya mchango wa hifadhi ya jamii: anakatwa 2,228,000. Wa pili ana majengo ya kupangisha. Kodi ya zuio ya pango ni asilimia 10, yaani 800,000, na hapo tunachukulia kwamba mpangaji ameikata kweli na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA). Wa tatu anapokea gawio la hisa za kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam: asilimia 5, shilingi 400,000. Najua mtaalamu wa mahesabu atanikumbusha kwamba kampuni imeshalipa asilimia 30 ya faida yake kabla ya kugawa. Ni kweli, na ni hoja nzito pale kampuni inapoilipa.

Je, isipoilipa? Jibu tunalo hapa hapa, pale Nyamongo. Mwaka 2016 Baraza la Rufani za Kodi liliamua kesi ya kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikimiliki mgodi wa North Mara. Kampuni hiyo iligawa magawio kwa wanahisa wake kati ya 2010 na 2013 huku ikieleza kwamba migodi yake haina faida ya kutozwa kodi nchini. Iliamriwa kulipa kodi ya zuio ya dola milioni 41.25. Mwenye duka la rejareja Nyamongo, ambaye biashara yake ndogo inatozwa kwa mauzo, hawezi kumwambia afisa wa TRA kwamba mwaka huu hakupata faida. Mgodi uliweza kusema hivyo miaka minne mfululizo.

Kwenye mnada wa ng'ombe mambo ni ya kienyeji zaidi, lakini sura ni ile ile. Mjane aliyeleta ng'ombe mmoja ili apate pesa za sare na madaftari, na tajiri aliyeleta thelathini wa kupeleka machinjioni, wanatozwa ushuru ule ule kwa kichwa. Mmoja anauza akiba ya nyumba, mwingine anavuna faida. Ushuru wa halmashauri hauwezi kutofautisha hayo mawili. Kodi ya mapato ingeweza, lakini huyo wa thelathini wengi wetu tunamjua kwa jina, na TRA haina jalada lake.

Kuna wanaosema tajiri akibanwa atavuka mpaka wa Sirari. Avuke aende wapi? Ng'ambo ya pili, Kenya iliongeza ngazi mbili mwaka 2023: asilimia 32.5 kwa mshahara unaozidi shilingi 500,000 za kwao kwa mwezi, na 35 kwa unaozidi 800,000. Uganda inafika asilimia 40 kwa wenye zaidi ya shilingi zao milioni 10. Sisi ndio wenye dari fupi.

Napendekeza ngazi mpya juu ya milioni 10 kwa mwezi, na pango la mwenye majengo mengi lipande ngazi ile ile anayopanda mwalimu. Kiwango cha asilimia 8 kisiguswe. Mengine, kama hoteli za kitalii za Serengeti ambazo hesabu zake zinafungwa mbali na Mugumu, yanahitaji semina yake.

Waheshimiwa madiwani, ninyi hamtungi sheria ya kodi ya mapato, lakini mnakaa meza moja na wabunge wetu kwenye baraza la halmashauri. Sheria ya Fedha hupitishwa Juni na kuanza kutumika Julai mosi. Wapeni wabunge hesabu ya wale watu watatu kabla hawajasafiri kwenda Dodoma, na wakirudi muwaulize waliifanyia nini.