NANI HULIPIA KIWANDA CHA MAGARI?

Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani



Nimeombwa niseme juu ya viwanda. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kazini husikia mara kwa mara kwamba nchi haijiwezi mpaka iwe na gari lake. Nataka tuulize: gari hilo litalipiwa na nani?

Tumekwisha kujaribu. Pale Kibaha palijengwa kiwanda cha TAMCO, kwa ubia na Scania ya Uswidi, cha kuunganisha malori. Palikuwapo pia TRAMA, kilichounganisha matrekta ya Valmet ya Ufini. Lakini sehemu kubwa ya vifaa ilitoka ng'ambo, na kila sanduku lilidai fedha za kigeni. Miaka ya 1980 fedha hizo ziliadimika. Kiwanda kinachongojea meli hakiwezi kuitwa cha kujitegemea.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia nyingine. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya. Mwaka 1990 magari ya mfano, yaliyoitwa Nyayo, yakaonyeshwa hadharani. Ujuzi ulikuwapo, fedha za kuyatoa kwa wingi hazikupatikana.

Korea ya Kusini ilifaulu. Serikali yao ilizuia magari ya kigeni na kutoa mikopo nafuu, lakini iliwadai wenye viwanda wauze nje ya nchi. Hyundai ilianza kutoa gari la Pony mwaka 1975, na mwaka 1976 ikalipeleka Ecuador. Msaada ule ulikuwa deni, haukuwa zawadi.

Sasa turudi huku kwetu. Tangu 2005 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa pamoja wa forodha, na kiwango cha kawaida kwa bidhaa iliyokamilika kutoka nje kiliwekwa kuwa asilimia 25. Tuseme ushuru wa malori unapandishwa ili kulinda kiwanda. Mwenye lori hupandisha nauli. Mfanyabiashara anayenunua maharage Kasulu au mihogo mikavu Kibondo hupunguza bei anayompa mkulima, maana safari ya kwenda sokoni ni ndefu. Mkulima amelipa, wala hapewi risiti.

Hapo ndipo penye siasa. Wafanyakazi wa kiwanda wanajulikana kwa majina, na siku ya kufungua hukatwa utepe. Wakulima wanaolipa wametawanyika vilimani, hakuna anayewahesabu.

Sisemi Serikali isisaidie. Kule Kibaha kipo Kituo cha Teknolojia ya Magari, maarufu kwa jina la Nyumbu, kilicho chini ya jeshi letu. Shabaha yake tangu miaka ya 1980 ni kubuni gari na kutengeneza vipuri vyake hapa hapa. Fundi anayejua kusubu chuma hatasahau ujuzi huo hata fedha za kigeni zikiisha. Elimu ya namna hiyo inastahili fedha za umma.

Ninachosema ni kwamba msaada uwe na masharti matatu. Kwanza, uwe na mwisho. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kiwanda nacho kina siku yake ya tatu. Pili, kila mwaka vipuri vinavyotengenezwa nchini viongezeke. Tatu, hesabu itangazwe waziwazi: ushuru umeongeza nini katika nauli ya gunia kutoka Kibondo?

Vijana, baadhi yenu mtakuwa mafundi, na wengine mtakaa ofisini mkiandika mapendekezo ya kodi. Fundi na ajue hesabu, na mwenye kalamu ajue bei ya gunia nyumbani kwao.