Kanuni Zilizochakaa na Haki ya Waokota Taka

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani



Ndugu wapendwa, nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya taka. Najua baadhi yenu mlipoisikia mada hii mlitabasamu, mkadhani Tume ya Haki na Amani imeishiwa maneno hata ikaingia jalalani. Lakini jalala ni mahali ambapo sheria na maskini hukutana kila siku, na mara nyingi hukutana vibaya. Kijana anayeokota makopo na chupa, mama anayekusanya vipande vya chuma ili auze kwa kilo, hao wanaipunguza taka ya mji kwa mikono yao wenyewe bila mshahara wa halmashauri. Hata hivyo, mgambo akipita, wao ndio wanaokimbia.

Hivyo basi, swali letu la leo ni hili: tufanyeje na kanuni za taka ambazo wakati wake umepita? Wapo wanaosema zifutwe zote ili watu wafanye kazi. Wapo wanaosema zisiguswe, maana bila faini mji utanuka. Mimi naona pande zote mbili zinaharakisha mno.

Yatupasa kwanza kujua kanuni hizi zilitoka wapi. Mwaka 1920 utawala wa Mwingereza ulitunga sheria ya miji, na kwa mtazamo wa wakati ule taka ilikuwa uchafu wa kuondolewa mbele ya macho ya wakubwa, ukatupwe mbali, yaani karibu na wadogo. Baada ya uhuru tuliyabadili majina ya mitaa upesi kuliko tulivyoibadili fikra hiyo. Mwaka 1982 sheria za serikali za mitaa zilizipa halmashauri mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Mwaka 2004 ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, iliyofuta ile ya 1983 na kutamka kwamba kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Kisha mwaka 2009 zikatungwa kanuni za taka ngumu, zikimtaka kila anayeshughulika na taka awe na kibali.

Lakini wananchi wa kawaida walikuwa wameitambua haki hiyo mapema zaidi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa likifuka moshi na kunuka karibu na nyumba zao. Mahakama Kuu iliwapa haki, ikiegemea haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Na baada ya Tabata, Jiji lilifanya nini? Lilitafuta pengine pa kutupa. Mwaka 1991 wakazi wa Kunduchi Mtongani nao walilazimika kwenda mahakamani kwa shauri kama lilelile. Amri ya kuhamisha dampo haikugusa kiini cha tatizo, maana taka ilibaki taka, ikabadilisha majirani tu.

Hapo ndipo ninapoona uchakavu wa kanuni zetu. Umri wa kanuni si hoja, kwani Amri Kumi ni za kale sana. Kanuni imechakaa pale inapozijua kazi tatu tu, yaani kuzoa, kubeba na kumwaga, huku ikiwa haimjui kabisa mtu wa nne, yule anayechambua na kurudisha kitu katika matumizi. Someni sheria ndogo ya usafi ya halmashauri yenu. Hesabuni ni mara ngapi imetaja ushuru na faini, kisha mtafute ni wapi imemtaja mwokota makopo, na imemwita nani.

Chukueni habari ya vyuma chakavu. Biashara hii imewekwa chini ya kanuni za taka hatarishi, na inahitaji kibali. Sababu yake haikuwa mbaya. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza inapita hapa kwetu, nasi tunajua kwamba chuma cha reli, alama za barabarani na nyaya za umeme huibwa na kuishia kwenye mizani ya mnunuzi. Lakini mwenye ghala na malori anaweza kumtuma karani wake afuatilie kibali. Mama mwenye kiroba cha mabati na jembe lililovunjika hawezi. Matokeo yake mama huyo anauza kwa siri, na anayeuza kwa siri hapangi bei. Kanuni iliyokusudiwa kumbana mwizi imemtajirisha dalali. Mimi naona daftari la mtaa, linalotunzwa na mtendaji na kuonyesha nani ameleta nini, lingetosha kwa mtu wa kilo kumi. Kibali kizito na ukaguzi vibaki kwa anayenunua tani, kwa sababu reli iliyoibwa haiyeyushwi jikoni kwa mama huyu.

Hata hivyo, ndugu zangu, tusichukuliwe na neno "kufuta" kama mafuriko. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba sheria ya binadamu inaweza kubadilishwa, lakini kule kubadilisha kwenyewe kuna hasara yake, kwa kuwa watu hutii sheria kwa mazoea, na mazoea yakivunjwa nguvu ya sheria hupungua. Kwa hiyo faida ya badiliko sharti ifidie hasara hiyo. Sisi Watanzania tumeliona jambo hili katika mifuko ya plastiki. Kanuni za 2015 ziligusa mifuko myembamba tu, na kila mtu akadai wake si mwembamba. Kanuni za 2019 zilizifuta zile na kupiga marufuku mifuko yote ya kubebea kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na kwa kweli sokoni badiliko lilionekana. Lakini upesi vifungashio vyepesi vikaanza kufanya kazi ya mifuko, hata mwaka 2021 Serikali ikalazimika kukemea upya. Na kanuni za taka hatarishi za 2009 zilitungwa upya mwaka 2019, kisha tena 2021. Mfanyabiashara mkubwa ana mwanasheria wa kumsomea kila toleo. Mwokota vyuma husikia habari hizo siku anapokamatwa.

Na sisi wa ukanda wa dhahabu tuna sababu ya pekee ya kuwa waangalifu. Taka yetu si maganda ya ndizi tu. Katika mialo ya kuchenjulia dhahabu kuna zebaki, na kwenye marudio yanayochenjuliwa tena kuna sianidi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, ila moshi wa zebaki inayochomwa jikoni hausomi mikataba. Pipa lililobeba sianidi si chombo cha maji, hata likioshwa mara saba. Betri kuukuu ya gari au ya sola ina risasi na tindikali, na mtoto anayeivunja kwa jiwe anavuta sumu itakayoudhuru ubongo wake. Hapa kanuni zisilegezwe hata kidogo. Na mkumbuke Mwadui: Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi lilipasuka, na maji na tope vikafunika makazi na mashamba katika kijiji cha Ng'wanholo, Kishapu. Mtu atakayekuja kwenu na hoja ya kupunguza urasimu, mwulizeni kwanza anataka kumpunguzia nani: mwenye kiroba, au mwenye bwawa?

Wazee wa Shinyanga hawana haja ya kufundishwa namna kanuni inavyoweza kuishi kupita sababu yake. Enzi ya ukoloni watu waliamriwa kufyeka misitu ili kuangamiza mbung'o. Mbung'o walipungua, lakini kufyeka kukaendelea kwa sababu nyingine mpaka nchi ikawa jangwa. Mradi wa HASHI ulioanza 1986 haukuleta dawa kutoka mbali. Ulirudi kwenye ngitili za Wasukuma, na vijiji vikajiwekea taratibu zao kwa njia ya dagashida na serikali ya kijiji. Ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi zilipita hekta 300,000 kufikia miaka ya mwanzo ya 2000. Hii ndiyo kanuni ya auni aliyoieleza Papa Pio XI mwaka 1931, kwamba lile linaloweza kufanywa vema na ngazi ya chini lisinyang'anywe na ngazi ya juu. Ikiwa mwanakijiji aliweza kulinda mti, anaweza pia kusema jalala likae wapi na nani aruhusiwe kuchambua.

Njia ya kufanya hivyo ipo. Serikali ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, ikaipeleka mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kisha halmashauri ya wilaya ikaithibitisha. Mkutano huo unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mahali usipoitishwa, dai la kwanza liwe uitishwe. Walio mjini wampelekee diwani hoja yao kwa maandishi kabla ya baraza la madiwani kukaa, nao waokota makopo wenyewe waitwe kwenye kikao cha jumuiya kabla hoja haijaandikwa, maana wao ndio wanaojua kilo inauzwaje na mgambo anadai nini.

Nakala ya sheria ndogo iliyopo ombeni kwa mtendaji wa kata au kwa mwanasheria wa halmashauri. Mkiambiwa haipatikani, andikeni barua ya kuiomba, mwache nakala ya barua hiyo parokiani, na mrudi baada ya wiki mbili mkiwa watatu.