KAMBAMITI HACHANJWI KAMA KUKU: LITUNZE BWAWA

Leo tunazungumza na ndugu zetu wa pwani wanaofuga kambamiti kwenye mabwawa ya maji chumvi. Bakteria wakimvamia kambamiti, yeye hujikinga namna gani?

Kuku ukimchanja dhidi ya mdondo, mwili wake hutengeneza kingamwili za ugonjwa ule. Kambamiti hana kingamwili. Ngao yake ya kwanza ni gamba. Gamba likichubuka, damu huganda upesi na kuziba jeraha. Bakteria waliopenya hukutana na chembe za damu. Chembe nyingine huwameza. Nyingine huwazingira, nao hufunikwa kwa rangi nyeusi. Kwa hiyo madoa meusi kwenye gamba huweza kuwa alama ya vita hivyo.

Lakini askari hao wana kikomo. Tope likioza, oksijeni ikipungua alfajiri, au kambamiti akiwa ametoka kujivua gamba, kinga hulegea. Ndipo bakteria waitwao vibrio, ambao ni wa kawaida baharini, hupata nafasi.

Na wapo wanaoikwepa kinga hiyo. Mwaka 2009 ulizuka China ugonjwa ulioua kambamiti wa mabwawa mazima, ukafika Vietnam na Thailand. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walitambua chanzo chake: vibrio wanaokaa tumboni na kutoa sumu inayoharibu kiungo kinachofanya kazi ya ini. Kambamiti wachanga hufa ndani ya siku 35 hivi tangu kupandikizwa. Dalili ni ini kupauka na kusinyaa, utumbo mtupu na gamba laini.

Ufanye nini, ndugu mfugaji?

Kwanza, baada ya kuvuna, kausha bwawa mpaka udongo upasuke, ondoa tope jeusi, kisha tia chokaa.

Pili, nunua vifaranga waliopimwa ugonjwa, wala usiwasonganishe.

Tatu, chungulia sinia la chakula. Kikibaki, punguza, mabaki ni karamu ya bakteria.

Nne, usimwage dawa za kuua bakteria kwa kubahatisha. Bakteria huzizoea, na siku ya shida hazitafaa kitu. Ukiona vifo, funga lango la maji, usiazimishe nyavu, mwite Bwana Samaki.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwaherini, hadi juma lijalo.