Urithi wa Kinga na Moyo wa Mtoto

Wahitimu mlioitwa leo matabibu:

Katika kila watoto mia wanaozaliwa, takriban mmoja huja duniani na ila ya moyo. Na tangu Mei 1953, John Gibbon alipomziba msichana wa miaka 18 tundu la moyo huko Philadelphia, hali damu yake ikizungushwa na mashine nje ya mwili, wamepona wengi ambao zamani wangalikufa. Lakini mashine hiyo haikosi taksiri, kwani damu ikigusana na mipira yake, kinga ya mwili huamka kana kwamba adui ameingia. Na hapo watoto wawili, waliopasuliwa kwa ila moja na mkono mmoja, huweza kuachana njia, huyu akapata afua na yule akajaa maji mapafuni, na sehemu ya sababu ikawa katika jeni walizozaliwa nazo.

Mfano wa jeni zinazogusa kinga na moyo pamoja ni huu: mwaka 1965, katika mji huohuo wa Philadelphia, daktari Angelo DiGeorge alieleza habari za watoto waliozaliwa bila tezi ya thaimasi, ambayo ndiyo madrasa ya chembe za kinga. Baadaye ikabainika kuwa wengi wao wamepungukiwa kipande cha kromosomu ya 22, kipande ambacho kukosekana kwake huharibu pia mishipa mikuu ya moyo na tezi zinazotunza kalsiamu. Aghalabu upungufu huo huzuka kwa mtoto mwenyewe, wazazi wakiwa hawana. Basi mama asilaumiwe, wala asijilaumu.

Mtoto wa namna hiyo akitiwa damu ya kawaida, chembe nyeupe za mtoaji zaweza kuushambulia mwili usio na wa kuutetea, na ndiyo maana damu atakayotiwa hupigwa mionzi kwanza. Fauka ya hayo, sitrati inayotiwa katika damu ya mtoaji ili isigande hufunga kalsiamu, ambayo kwake tangu hapo ni haba, naye akashikwa na degedege, ama moyo uliokwisha shonwa vizuri ukalegea. Mauti ya namna hiyo, kwa rai yangu, hayana udhuru.

Leo watoto hupasuliwa moyo hapa kwetu Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na baadhi yenu mtawapeleka huko kwa mikono yenu. Nawasihi, mkimwona mtoto mwenye ila ya mishipa mikuu, pimeni kalsiamu yake, hesabuni limfosaiti zake, yaani chembe zile za kinga, na kabla ya siku ya kisu waulizeni wenye benki ya damu kama damu iliyopigwa mionzi ipo.