Ukingo wa Paneli: Filamu Nyembamba za Jua katika Hewa ya Pwani

Mada kwa semina ya mafundi na wauzaji wa vifaa vya umeme wa jua, Tanga



Maana ya paneli ya filamu nyembamba sote tunaijua, nitaipitia haraka. Badala ya vipande vya silikoni, kiwanda hupaka juu ya plastiki au chuma laini tabaka lisilofikia mikromita tano: silikoni isiyo na fuwele, au mchanganyiko wa shaba, indiamu, galiamu na seleniamu. Paneli huwa nyepesi na huviringika kama mkeka. Mwaka 2013 watafiti wa Empa, Uswisi, walifikisha ufanisi wa asilimia 20.4 juu ya plastiki. Hayo yanatosha.

Naomba nikae kwenye ukingo. Kioo hakipitishi mvuke, plastiki hupitisha. Seli za mchanganyiko huo wenye seleniamu zinahitaji kifuniko kinachopitisha takriban gramu 0.0001 tu za maji kwa mita ya mraba kwa siku, na plastiki ya kawaida hupitisha maelfu ya mara zaidi. Hata kifuniko kikiwa bora, maji hupenya kando, pale tabaka zilipobanwa. Yakifikia oksidi ya zinki inayokusanya umeme, ukinzani hupanda na nguvu hushuka.

Nililetewa paneli iliyotoka kwenye mashua, haijatimiza mwaka. Katikati ilikuwa safi kabisa. Kwenye pembe moja palikuwa na tundu lililotobolewa kwa msumari wa moto ili kamba ipite, umbali wa vidole viwili kuelekea ndani kutoka tundu la kiwanda. Kuanzia hapo rangi ya kahawia ilikuwa imetambaa kama chai inavyopanda kwenye kitambaa. Nilipobonyeza, lilitoka tone. Nililionja, la chumvi. Volteji ilikaribia ile iliyoandikwa. Nilipofunga mzigo, ampea hazikufika nusu. Fundi wa kwanza alikuwa amepima volteji peke yake, akasema betri ndiyo mbovu. Mwenye mashua alinunua betri mbili kabla ya kuniletea paneli, na hizo ni fedha za samaki wa msimu mzima.

Simlaumu fundi. Maelekezo aliyopewa hayakusema neno juu ya ukingo. Nilipomwandikia msambazaji, jibu lilikuwa kwamba paneli ina cheti. Cheti ni cha kweli: saa 1,000 katika nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85. Nakiheshimu kipimo hicho. Lakini saa hizo ni siku 42 hivi, na paneli hupimwa ikiwa nzima, haijatobolewa, tena bila chumvi. Ukungu wa chumvi una jaribio lake na cheti chake. Miaka yote hii nimekuwa nikiuliza kilipo, na nimeonyeshwa mara chache mno.

Mapendekezo yangu, bila kuingilia kazi ya mamlaka husika: paneli laini inayouzwa pwani iambatane na cheti cha chumvi, na muuzaji akionyeshe bila kuombwa. Maelekezo yawe ya Kiswahili, yenye mchoro wa mahali pasipotobolewa. Paneli isitobolewe, isikatwe, wala isipigwe msumari. Kamba ipite kwenye matundu ya kiwanda tu. Kwenye paa la bati, iachwe nafasi ya hewa chini ya paneli, kwani joto hulegeza gundi na ukingo huachia. Vyuo vyetu vifundishe kupima ampea chini ya mzigo. Narudia, chini ya mzigo. Dhamana itaje ukingo kwa jina. Na anayeuza kwa wavuvi akague pembe zote nne kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu rangi ya kahawia huonekana mapema kuliko hasara.

Ile paneli ya mashua iko mezani hapo nyuma, pamoja na mita na balbu. Kila mmoja apime mara mbili kabla ya chai: bila balbu, kisha balbu ikiwa imefungwa.