Vita vya Panzi, Furaha ya Kunguru

(Mazungumzo yaliyotolewa baada ya chakula cha jioni katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Mwenyekiti aliponiandikia kunitaka nizungumze usiku huu aliniomba mambo mawili. La kwanza, nisizungumze habari za ofisini, maana mtumishi wa serikali akianza kueleza kanuni na nyaraka, watu husinzia kabla chai haijaletwa. La pili, nizungumze jambo litakalowafaa vijana wa kidato cha sita walioko nasi hapa. Nimetii yote mawili. Nitawasimulia habari za mbio za magari.

Naona baadhi ya wazee wanatabasamu. Wao wakisikia mbio za magari wanakumbuka Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo siku hizo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na tope. Mbio ninazozisema mimi ni za namna nyingine. Ni Fomula Wani, ambazo hukimbiwa kwenye njia ya lami, magari yakizunguka palepale mara hamsini, sitini au sabini. Hata hivyo sikuja kusifu mwendo wa magari. Nataka kuzungumzia sekunde kumi ambazo gari moja lilisimama tu.

Katika mashindano hayo kila timu huwa na madereva wawili. Magari yao hutengenezwa katika karakana moja, injini ni za namna moja, matairi ni yale yale. Dereva akishindwa na mtu wa timu nyingine anaweza kusema, "Gari lake ni bora kuliko langu." Akishindwa na mwenzake wa timu hana pa kujificha. Kwa hiyo mtu wa kwanza ambaye dereva hutaka kumshinda ni yule anayekula naye meza moja. Ninyi mliolala bweni moja na kukaa dawati moja mnanielewa vizuri.

Mwaka 2007 timu ya McLaren ya Uingereza ilikuwa na madereva wawili hodari sana. Wa kwanza alikuwa Fernando Alonso, Mhispania, bingwa wa dunia wa mwaka 2005 na 2006 alipokuwa katika timu ya Renault. Wa pili alikuwa Lewis Hamilton, Mwingereza wa miaka 22, ambaye kabla ya mwaka huo hakuwa amekimbia hata shindano moja la Fomula Wani. Mkubwa alikuja akitarajia heshima ya mkubwa. Lakini yule mdogo alikuwa mtoto wa nyumbani, maana timu ile ilikuwa ikimlea tangu akiwa na miaka 13. Tena hakukubali kuwa mdogo. Katika mashindano yake tisa ya kwanza hakutoka hata mara moja nje ya watatu wa mwanzo, na mawili kati ya hayo alishinda. Mwezi Mei, kule Monaco, Alonso alishinda na Hamilton akawa wa pili, na kijana hakuficha kinyongo chake kwamba timu ilimzuia asimsumbue mwenzake. Kuanzia hapo kila mmoja alianza kuhesabu alichopewa mwenziwe.

Basi tufike Jumamosi tarehe 4 Agosti 2007, katika nchi ya Hungaria, kwenye uwanja wa Hungaroring ulio karibu na mji wa Budapest. Njia ya uwanja ule ni nyembamba na ina kona nyingi. Ukiwa nyuma ya mtu ni taabu kubwa kumpita. Mbio zenyewe hufanyika Jumapili, lakini Jumamosi ndiyo siku ya majaribio ya kuwania nafasi za kuanzia: kila dereva hutafuta mzunguko mmoja wa kasi kuliko yote, na mwenye kasi zaidi huanzia mbele ya wote. Mahali kama pale, aliyeshinda Jumamosi ameshika nusu ya Jumapili.

Kanuni za mwaka ule zilikuwa na jambo la ajabu kidogo, nami naomba mnivumilie nilieleze. Katika sehemu ya mwisho ya majaribio, dereva aliingia njiani akiwa na mafuta ya kuanzia mbio za kesho yake. Kwa kila mzunguko aliomaliza, alirudishiwa kiasi fulani cha mafuta kabla ya mbio. Hivyo aliyezunguka mara moja zaidi gari lake lilikuwa jepesi kidogo alipofika kwenye mzunguko wa mwisho, na mafuta yake yalirudishwa vilevile. Mzunguko huo wa ziada ulikuwa mali. McLaren waliwagawia madereva wao kwa zamu, leo huyu, shindano lijalo yule, ili asionewe mtu.

Siku ile ilikuwa zamu ya Alonso. Hamilton alikuwa mbele yake njiani, na alitakiwa ampishe mwenzake. Hakumpisha. Akaambiwa kwa redio, na bado hakumpisha.

Muda ulipokaribia kwisha, wote wawili waliingia katika kituo cha mafundi kufungiwa matairi mapya kwa mara ya mwisho. Alonso alisimama mbele, Hamilton nyuma yake akingoja. Matairi ya Alonso yakafungwa. Kwanza timu yenyewe ilimzuia kidogo ili apate nafasi njiani. Kisha fundi mwenye kibao cha kuzuia gari akakiinua, maana yake nenda. Alonso hakwenda. Alikaa pale kama sekunde kumi, na nyuma yake kijana anangoja, na saa inakimbia. Ndipo akaondoka.

Hesabu yake ilikuwa sawasawa. Alonso aliwahi kuanza mzunguko wake wa mwisho kabla muda haujaisha, akakimbia vizuri mno na kumzidi Hamilton kwa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hamilton alifika mstarini muda umekwisha, kwa hiyo mzunguko wake wa mwisho hakuupata kabisa.

Ndugu zangu, nani mwenye makosa hapo? Ukimsikiliza mmoja atakwambia, "Yeye ndiye aliyeanza." Na ni kweli, Hamilton alianza kwa kunyang'anya zamu isiyo yake. Lakini walimu walio humu ukumbini wamesikia maneno hayo, "yeye ndiye aliyeanza," mara elfu, nao wanajua kwamba hayajamsaidia mtu hata siku moja.

Waamuzi waliita pande zote, wakasikiliza, na usiku ule wakatoa hukumu. Alonso alirudishwa nafasi tano, kutoka ya kwanza hadi ya sita. Lakini adhabu haikuishia kwake. Timu ilinyimwa pointi za ubingwa wa timu kwa shindano zima. Kesho yake Hamilton alishinda, Alonso akawa wa nne. Pointi zao kumi na tano zilihesabiwa kwa madereva, lakini kwa timu zilikuwa sifuri. Wapo mafundi waliokesha na spana mikononi juma zima, ambao hawakumzuia mtu wala hawakumnyima mtu zamu, na kazi yao ikahesabiwa kuwa si kitu.

Je, mambo yaliishaje? Baada ya hapo wale wawili walikuwa timu kwa jina tu. Yalipobaki mashindano mawili Hamilton aliongoza kwa pointi 107, Alonso 95, na nyuma yao alikuwapo mtu mmoja kimya, Kimi Raikkonen wa Ufini, dereva wa Ferrari, mwenye pointi 90. Ushindi mmoja siku hizo ulikuwa pointi kumi. Nani angemhofia?

Tarehe 7 Oktoba, mjini Shanghai, Hamilton aliendelea kukimbia na matairi ya mvua yaliyokwisha hata yakaonekana kwa macho kuwa yamelika. Alipoingia kuyabadilisha, gari likateleza na kunasa kwenye changarawe mlangoni mwa kituo cha mafundi. Raikkonen alishinda. Baadaye mkuu wa timu ya McLaren alikiri mwenyewe kwamba siku ile hawakuwa wakishindana na Raikkonen, walikuwa wakishindana na Alonso. Yaani na dereva wao wenyewe!

Tarehe 21 Oktoba, nchini Brazili, ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Raikkonen akashinda tena. Alonso wa tatu, Hamilton wa saba. Hesabu ikasomeka hivi: Raikkonen 110, Hamilton 109, Alonso 109. Kila mmoja wa wale wawili alihitaji pointi mbili tu, maana kwa pointi sawa Raikkonen angewashinda kwa kuwa yeye alikuwa ameshinda mashindano sita na wao manne manne. Pointi mbili! Wahenga walikwisha sema: vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Alonso aliondoka McLaren mwisho wa mwaka ule ule na kurudi Renault. Hamilton alichukua ubingwa mwaka 2008, kwa pointi moja tu, na baadaye akafikisha mara saba. Alonso aliendelea kusifiwa kuwa dereva wa ajabu, lakini miaka mingi iliyofuata haikumrudishia ubingwa.

Sasa mtaniuliza, haya yote yanatuhusu nini sisi? Hapa, Ndugu Mwenyekiti, inanibidi niseme jambo ambalo sijalisema kwa miaka zaidi ya ishirini.

Nilipokuwa kidato cha sita hapa, tulikuwa wawili tuliogombea nafasi ya kwanza katika fizikia. Mwenzangu simtaji jina, yumo humu. Tulikaa dawati moja. Usiku tulisoma kwa taa moja, na mimi nasema mbele yenu kwamba kama si yeye nisingefika Chuo Kikuu, kwa sababu kila nilipotaka kulala nilitazama nikaona yeye hajalala. Huo ndio ushindani mwema, nao hauna kifani.

Maktaba ilikuwa na kitabu kimoja kikubwa cha fizikia, nakala moja tu. Siku tatu kabla ya mtihani wa majaribio nilikichukua nikakificha nyuma ya ramani za zamani. Siku tatu tu. Hizo ndizo sekunde zangu kumi. Mnadhani nilikisoma? Nilikisoma kwa kuibia, dakika tano tano, masikio yakiwa mlangoni. Muda uliobaki nilikuwa nikimtazama mwenzangu kuona kama ameshuku. Mtihani ulipotoka, wa kwanza alikuwa kijana wa dawati la nyuma ambaye wala hatukuwa tukimhesabu. Alikuwa amesoma madaftari yake mwenyewe. Mimi nilikuwa wa tatu.

Lakini hilo silo linaloniuma. Kitabu kilipoonekana kimepotea, aliyeulizwa ni kiranja wa maktaba, kijana wa kidato cha tano. Hakuwa na jibu. Akafyeka nyasi za uwanja wa mpira juma zima, na mimi nilipita pale na sahani yangu ya ugali na maharage, nikamwona, nikanyamaza. Baadaye nilikirudisha kitabu rafuni, nacho kikaonekana, lakini nyasi zilikuwa zimekwisha fyekwa.

Leo asubuhi, wakati wa chai, nilimwita mwenzangu pembeni nikamweleza yote. Nilidhani atacheka, au atakasirika. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Na yule kijana, ulikwisha mwambia?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi mimi si mtu wa kwanza wa kuombwa radhi."

Ni kweli. Ndiyo maana nimezungumza haya kwa sauti. Niliuliza habari za kiranja yule na sijampata. Mhariri wa gazeti letu ameniahidi kuyachapisha maneno haya. Ndugu yangu, popote ulipo, kitabu nilikificha mimi. Hukuwa na kosa lolote. Naomba radhi.

Kwenu vijana wa kidato cha sita, sisemi msishindane. Shindaneni! Mwenzako wa dawati ndiye kipimo chako cha haki, maana mwalimu wenu ni mmoja, kitabu chenu ni kimoja, na taa yenu ni moja. Akikuzidi, usitafute sababu. Ongeza bidii. Lakini siku utakapojikuta umesimama, kibao kimeinuliwa, njia i wazi, nawe hutaki kwenda kwa sababu yuko mtu nyuma yako, jua kwamba umeacha mbio. Nawe Hamilton mdogo, ikiwa si zamu yako, mpishe mwenzio. Zamu yako inakuja. Wakati ninyi wawili mnatazamana, Raikkonen yuko dawati la nyuma anasoma madaftari yake.

Na kwetu sisi wakubwa tulio makazini, nadhani sina haja ya kueleza. Kila mmoja wetu analijua faili aliloliacha mezani siku mbili zaidi ili mwenzake achelewe. Faili hilo lina mwananchi ndani yake. Yeye ndiye anayefyeka nyasi.

Ndugu Mwenyekiti, nilikatazwa kuzungumza habari za ofisini, naona mwishoni nimeteleza. Naomba nisirudishwe nafasi tano.